Lango la Kabeza

Mjukuu wangu Zaina,

Natangaza rasmi: babu yako ameamua kufunga lango. Shangazi yako anakusalimu. Paka amezaa tena.

Uliuliza kwa nini hatufungi. Tukiwa vijana, kaka yangu Salumu alitoka na baiskeli kununua uzi. "Usifunge, narudi sasa hivi." Hakurudi.

Miezi michache iliyopita polisi walinipigia simu. Kuna mtu aliuawa zamani, akazikwa bila jina. Wanapima vinasaba vya ndugu wa waliopotea, walinganishe na mifupa yake.

"Mzee, tunaomba mate yako," akasema binti wa maabara.

"Chukua, binti. Siku hizi sina wa kuongea naye."

Vipimo vikalingana. Ni Salumu.

Jana tulimzika upya kwa jina lake. Aliyemfahamu nilikuwa mimi tu. Nikarudi nyumbani, nikatafuta kufuli.

Limeshika kutu. Halifungi.

Babu yako