Mimi Nina Cheti, Mize Ana Tovuti

Jumapili, Chake Chake. Mvua inanyesha tangu saa mbili asubuhi na haijapumua. Nguo za juzi bado zimetundikwa ukumbini, zinanuka ubichi, na mimi nimekaa katikati yake na kompyuta mapajani.

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe kabla sijalitafutia jina la heshima. Si kile kijicho cha kupita, cha kumuona mwenzio kavaa buibui jipya. Huu una miezi sasa. Unakula na mimi, unakwenda kazini na mimi.

Ninayemuonea wivu ni wifi yangu Mize, mke wa kaka yangu Hamad. Wanakaa Pujini, nyumba moja na mama yetu. Mize aliacha skuli kidato cha pili. Ana watoto watatu, anasuka mikoba ya ukili wa majani ya mkindu katika kikundi cha kinamama cha hapo kijijini, na mwaka huu ndiye aliyekitengenezea kikundi hicho tovuti. Peke yake, bila ya mwalimu.

Mimi nina stashahada ya kompyuta. Niliifuata Unguja, na cheti mama kakitia fremu, kakiweka ukutani pale mgeni anapokaa. Kwetu mimi ndiye mtu wa kompyuta. Simu ya mtu ikigoma, huletwa kwangu. Ofisini ninakofanya kazi ya ukatibu muhtasi, printa ikikwama, huitwa mimi. Lakini tovuti sikupata kutengeneza hata moja. Tulikuwa wanafunzi wengi na mashine chache. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, tukafanya mtihani, tukafaulu. Nimeishi na siri hiyo mpaka nikaizoea.

Bi Kazija, mwenyekiti wa kikundi, aliponiomba niwatengenezee tovuti, nilimwambia hiyo ni kazi nzito ya kitaalamu, nikipata nafasi nitaifanya. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Kila nikikutana naye sokoni nilikuwa na udhuru mpya. Ndipo Mize aliponijia nyumbani.

"Wifi, nisomeshe mie, nikupunguzie kazi," aliniambia.

"Hichi si kitu cha kujisomea jikoni," nilimjibu.

Hakubisha. Aliniomba tu kompyuta yangu ya zamani, ile iliyong'oka herufi mbili, nikampa. Nilimpa kwa kuwa nilikuwa na hakika atairudisha baada ya wiki.

Hakuirudisha.

Kila nilipokwenda Pujini kumtazama mama, nilimkuta Mize kaendelea hatua moja mbele. Alikuwa ameupakua ule mfumo wa kuendeshea tovuti, unaotolewa bure, akauweka ndani ya kompyuta yenyewe badala ya mtandaoni. Kwa hiyo alikuwa na tovuti ya mazoezi ambayo hakuna mtu mwengine aliyeweza kuiona. Aliiharibu mara ngapi, sijui. Aliifuta yote akaanza upya, akaifuta tena. Hakuona haya kuharibu. Mimi ningetaka ikae sawa mara ya kwanza, na ndiyo maana sikuanza kabisa.

Alijiwekea kitu kimoja kwa siku. Siku ya kutia picha, ni picha tu. Siku nyengine alijifunza kutenganisha ukurasa unaokaa pale pale, kama ule wa "Sisi ni nani", na habari zinazoongezeka kila mara. Akija mjini alishusha video za mafunzo kwenye simu, kisha akazitazama nyumbani huku anasuka. Anaisimamisha video, anajaribu, anaanza tena. Kiingereza chake ni kidogo, basi kila neno lililotokea kwenye skrini aliliandika daftarini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyozoea chuo cha Kurani tangu utotoni, na pembeni akaweka maana yake kwa Kiswahili: hapa pa kuhifadhi, hapa pa kutangaza, hapa usiguse.

Nilicheka niliposoma "hapa usiguse". Ndani nilikuwa naungua.

Kisha kikaja kikao cha rangi. Mtu asiye wa huku huenda asinielewe, lakini Pemba, tangu vyama viwe vingi, rangi haziachwi zikawa rangi tu. Ndani ya kikundi wamo waliokaa miezi baada ya uchaguzi hawasalimiani. Mmoja akataka tovuti iwe ya kijani; mwengine akauliza kwa ukali, kijani ya nani? Nikajua kikao kimekwisha vibaya. Mize akainuka, akaleta ukili mkavu usiotiwa rangi yoyote, akaupiga picha mbele yao, na rangi ya tovuti akaichukua kwenye picha ile. Kinamama wakacheka. Hata wale wawili walicheka.

Mimi nilikuwepo. Wazo lile halikunijia.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Tovuti ilikwisha kupandishwa mtandaoni, na kikundi kikapata habari kwamba Jumatano kutakuja wanunuzi kutoka Unguja, nao wataitazama tovuti kwanza. Jumatano yenyewe, mapema asubuhi, Mize akanitumia ujumbe. Mfumo unamwambia kuna toleo jipya. Je, abonyeze?

Mtu aliyesoma kurasa mbili tu juu ya mifumo hii analijua jibu. Kwanza unachukua nakala ya akiba ya tovuti nzima, ukaiweka pahala salama. Tena hugusi kitu siku unayongoja wageni. Nilijua. Wiki ile ile nilikuwa nimelisoma jambo hilo kwa siri, nikijaribu kumkimbiza Mize kwa nyuma.

Nilimjibu neno moja: "Bonyeza."

Haikupita nusu saa, kaka yangu Hamad akapiga simu. Tovuti imekuwa nyeupe tupu, mkewe analia.

Nilifurahi.

Nimeliandika na sitalifuta. Nilifurahi kwanza, ndipo nikaomba ruhusa ofisini nikaenda Pujini.

Niliwakuta barazani kwa Bi Kazija, wamekaa kama watu wa msibani. Mize macho mekundu. Nikavuta kiti mbele ya kompyuta, wote wakanizunguka, na mimi nikaanza kubonyeza huku na kule kwa uso wa mtu anayejua. Sikuwa najua. Jasho lilinitoka chini ya mtandio. Mwisho nikasema, labda itabidi ianzwe upya.

"Wifi, nipishe kidogo," Mize aliniambia kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

Akakaa. Akaingia upande wa ile kampuni inayoihifadhi tovuti, akawa anasoma neno moja moja kwa kidole na daftari lake pembeni. Alikuwa na nakala ya Ijumaa iliyopita. Kumbe kila Ijumaa, baada ya sala, huchukua nakala. Akairudisha nakala ile pahala pake. Mtandao unakuja, unapotea, unakuja tena, mpaka ukurasa ukafunguka na mikoba ikaanza kutokeza, mmoja baada ya mwengine.

Vigelegele vikapigwa. Wageni walikuwa bado njiani.

"Alhamdulillahi! Nani kakufunza haya, mwanangu?" Bi Kazija akamuuliza.

Mize alinitazama. "Wifi yangu huyu," alisema. "Kompyuta ni yake, na nikikwama ndiye ninayemuuliza."

Wote wakanigeukia mimi. Bi Kazija akanishika mkono, akaniombea dua ndefu ya elimu na umri. Nikaitikia amina.

Siku kumi nimetembea na amina ile. Nikisali naisikia. Laiti Mize angenitukana mbele yao, ningekuwa na pa kuushika wivu wangu. Badala yake alinigawia sifa ambayo yote ilikuwa yake, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili.

Jana nikaenda tena Pujini. Nilimkuta jikoni amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu niliogopa nikikaa sitasema.

Akaacha kukuna. "Ulijua itaharibika?"

"Nilijua inaweza kuharibika. Na nilitaka iharibike."

Akarudi kukuna. Alikuna mpaka nazi ikaisha na meno ya mbuzi yakawa yanakwangua kifuu.

"Siku ile nilitapika, wifi," alisema bila ya kunitazama. "Nilitapika nyuma ya nyumba ya Bi Kazija. Nilijiona n'shawaharibia wenzangu wote. Hata ile nakala sikuwa na hakika nayo, sikupata kuijaribu."

"Mbona uliniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Wewe ndiye msomi wetu."

Akakikung'uta kifuu, akakiweka kando.

"N'takusamehe," akasema. "Lakini leo bado. Leo n'na hasira na wewe."

Kisha akapika. Akanipakulia wali, akauweka mbele yangu, nami nikala peke yangu. Sijapata kula chakula kizito kama kile.

Blogu hii, kama kuna mtu anayeisoma, nimeitengeneza mwenyewe siku hizi kumi. Nilifuata njia yake: kwanza ndani ya kompyuta, pasipoonekana na mtu, kitu kimoja kwa siku. Nimeiharibu mara nne. Mara ya tatu nililia kama mtoto. Leo ndiyo nimeifungua kwa watu. Picha ya juu imekatwa vichwa vya minazi na sijui kwa nini, lakini nimeiacha hivyo hivyo.

Nilidhani nikishaungama wivu utaondoka. Haukuondoka. Asubuhi nilifungua tovuti ya kikundi nikakuta Mize kaongeza kitu kipya: ukigusa picha ya mkoba, unakufungukia ukauona ndani, bitana, mifuko na mishono. Nikataka ipatikane kasoro. Nikagusa kila mkoba nikiitafuta.

Haikuwepo.

Nikaiweka simu chini. Nikaichukua tena, nikamwandikia: "Wifi, hichi umekifanyaje? Mie sijui. Naomba unifunze."

Sikumbuki lini mara ya mwisho kuandika "sijui" nikampelekea mtu.

Alama inaonesha ujumbe ameusoma tangu saa nne. Sasa adhana ya alasiri inaadhiniwa na bado hajajibu. Sitamtumia mwengine wa kumhimiza. Ijumaa nitakwenda Pujini, akinifunza nitakaa nijifunze, asiponifunza nitamsaidia kukuna nazi.