Mstari wa Mwezi Mpevu Nilioufuta

Fundi,

Assalamu alaykum huko uliko. Ni mimi Zuhura, mwanafunzi wako mwenye haraka. "Zuhura, wewe unatoka kabla hujaingia," ulikuwa ukiniambia. Nimekaa kwenye kiti chako, hapa kwenye duka lako la kutengeneza simu Mikindani, na nimeshainuka mara tatu kabla ya kufika mstari huu. Situlii. Tangu arobaini yako situlii, na leo lazima nikwambie kwa nini.

Unaikumbuka programu ya pampu ya kisima cha nyumbani kwako? Swali gani hilo, na wewe ndiye uliyeiandika. Maneno ya kompyuta ulinifasiria kwa mambo yetu ya hapa. NA, ulisema, ni ndoa: shahidi mmoja akikosekana, hakuna ndoa. AU ni safari ya Mtwara mjini: bajaji au bodaboda, chochote kitakufikisha. SI ni mama mkwe, kila usemalo analigeuza. Na programu nzima inazunguka bila kuchoka: kama tangi liko chini ya nusu, NA umeme upo, NA SI tarehe kumi na tatu mpaka kumi na saba ya mwezi wa kuandama, washa pampu. La sivyo zima, rudi juu, anza tena.

Siku mbili kabla ya arobaini, Bi Somoe mkeo akanipigia simu. Shughuli imefika, tangi tupu, pampu haiwaki. Nikaja mbio, nikafungua programu, nikakuta hizo tarehe. Hukuandika hata neno moja pembeni, Fundi! Wewe uliyenigombeza kwa hilo kila siku! Basi nikajijibu mwenyewe. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano ndizo siku nyeupe, ulizokuwa ukifunga kila mwezi. Nikadhani hukutaka kelele za pampu ukiwa na swaumu. Hizo mbili za juu nikasema umejiongezea thawabu. Sasa mfungaji hayupo, sharti la nini? Nikafuta. Pampu ikawaka, Bi Somoe akaniombea dua, nami nikarudi nalia njia nzima, nikiona nimekufanyia jambo.

Siku ya hitma ya arobaini yako, chai ilikuwa chumvi.

Chai, Fundi, na tangawizi yake! Watu wameshika vikombe wanatazamana. Dada yako, Bi Hadija, akasema mbele ya kina mama wote, "Mjane gani huyu, hata chai ya hitma ya mumewe haonji?" Bi Somoe akajifunika kanga usoni, akaingia ndani. Mimi nikanywa kikombe changu chote.

Kesho yake nikafungua tena programu. Kumbe chini kulikuwa na sharti jingine la kuzima pampu: tarehe ishirini na tisa au zaidi, AU mbili au chini yake. Hapo NA isingefaa, hakuna tarehe inayokaa kote kuwili. Lakini nani anafunga siku hizo? Mwezi mpevu, mwezi mwandamo... Bamvua! Bahari ikijaa sana, chumvi inapenya kisimani, na wewe ulikuwa unangoja itoke. Mtoto wa Naliendele, niliyekulia kwenye mikorosho, bamvua ningeijulia wapi? Ningeuliza. Ndiyo, ningeuliza.

Mwezi mzima sasa nimefunga mdomo. Bi Somoe yuko edani, na sasa hata wanaokuja kumtazama hatoki chumbani kuwapokea. Juzi aliniambia, "Zuhura mwanangu, labda kweli sikuonja." Naona aibu hata kukuandikia. Nilijiuliza nani ataniletea simu yake nitengeneze, mimi niliyeitia chumvi hitma ya fundi wangu.

Mstari nimeurudisha. Pembeni nimeandika: "Bamvua. Kisima kinaingia chumvi. Usifute." Leo mwezi ni kumi na nne. Asubuhi nimepita kwako: tangi liko chini ya nusu, umeme upo, na pampu haikuwaka. Nilisimama pale kisimani nikakulilia upya.

Alasiri hii kina mama wale wale wanakutana barazani kwa Bi Hadija. Nitampitia Bi Somoe kwanza, nimwambie yeye kabla ya wote, kisha nitamwomba radhi. Yeye eda haimruhusu kutoka, basi nitakwenda peke yangu, niseme mbele yao wote aliyeharibu chai ni nani. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Mungu akulaze pema, Fundi wangu. Pampu yako inyamaze. Mimi nakwenda kusema.

Zuhura