Mbao za Kumvusha Mama

Baba,

Mama ametoka nje tena. Nakuambia hilo kwanza, maana najua ndilo ungeuliza.

Tangu tukuzike alikuwa hatoki. Si kwa ajili ya kilio tu. Askari wa Katanga walichimba handaki kukata ile njia ya kando ya mto Naviundu, pale pale mlipokuwa mnapita jioni, wewe ukimtania, "Mama Ngalula, unatembea kama bibi-arusi." Kijana analiruka. Mama, na magoti yale, angerukaje? Akabaki chumbani, miguu ikavimba, hata kunyanyuka kwenye kiti ikawa kazi. Niliogopa, Baba. Niliogopa kuzika tena kabla kilio chako hakijaisha.

Jirani yetu mzee, baba yule tunayemwita Tatu Mutombo, naye alikwama vivyo hivyo. Basi nikamwendea askari wa zamu. Haikuwa rahisi, unajua sisi watu wa Kasai tunavyotazamwa kama maadui hapa Katanga siku hizi. Nikaomba tuweke mbao, na kamba ya kushikilia.

"Ni ya kupitisha nani?"

"Bazee. Banataka kutembea tu."

Akanitazama sana. "Weka. Lakini bunduki ikilia, nitaitosha, nitaivuta huku. Mwenye kubakia ng'ambo, atabakia."

Jana tuliwavusha. Mama alikaa chini ya mikaratusi, akavua viatu, akacheka na Tatu Mutombo. Mimi sikukaa. Nilikuwa natazama zile mbao. Kisha milio ya bunduki ikaanza upande wa mjini.

"Mama, haraka!"

"Haraka gani? Magulu ni haya."

Alifika katikati akasimama, amekumbatia kamba. Askari alikwisha kuinama kuzivuta mbao. Lakini akazikanyaga kwa buti zisicheze, akamnyooshea mkono. "Kuya, mama. Polepole." Akamvusha yeye, akamvusha Tatu Mutombo, ndipo akazivuta.

Leo mbao zimewekwa tena, ila askari ni mwingine. Simjui. Na Mama amekwisha kuvaa viatu, ananiita kutoka mlangoni. Nikimkataza, atarudi kwenye kile kiti. Nikimpeleka, sijui kama huyu naye atamngoja.

Pumzika, Baba yangu. Tunakwenda. Nitaongea kwanza na huyu askari. Na mbao zikivutwa Mama akiwa ng'ambo, nami utanikuta ng'ambo, nimemshika.

Binti yako