Bibi Si Mpolandi, na Mgeni Anatua Agosti

Shangazi Tupokigwe, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, maana mgeni anatua Agosti kumi na nne na mie tangu wiki iliyopita nazunguka tu na siri.

Naitwa Jenipher, nina miaka thelathini na moja, nina steshenari yangu hapa Mtoni, natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti vya watu, na naishi na bibi mzaa mama, Bibi Apolonia, ana miaka themanini na moja, kazaliwa Ifunda kule Iringa wakati wa vita, enzi zile wakimbizi wa Kipolandi walipowekwa kambini huko. Sasa Shangazi, bibi ni mweupe, na vyeti vyake vyote tangu shule vinasema Apolonia Stanislaus, na Stanislaus alikuwa seremala Mpolandi wa hiyo kambi, kwa hiyo tangu tumezaliwa tunajua baba yake bibi ni Mpolandi aliyeondoka na wenzake, mpaka grupu letu la WhatsApp linaitwa Wapolandi wa Mtoni, na mjomba Ansbert akigombana na mtu anasema msinilaumu, hii damu ya Kipolandi.

Mwaka jana nikaanza kumtafuta huyo babu mtandaoni. Nikapata orodha ya wakimbizi wa kambi ile, Stanislaus seremala alikuwa mmoja tu, Stanislaus Wrona, nikalifuata jina hilo kwenye orodha za ubatizo za parokia za kwao ambazo watu wameziweka mtandaoni, kijiji kwa kijiji, nikachanganya akina Wrona wawili, nikaanza upya, mpaka nikampata mjukuu wake, Danuta, mwalimu mstaafu. Alilia huyo mama! Akasema babu yake alikufa anaisimulia Ifunda. Basi kila Jumapili baada ya misa anapiga video, simu inatafsiri, bibi anamwita mwanangu, kamfundisha salamu, na Danuta kila akipokea tu anawahi kusema marahaba kabla hata hajaamkiwa, bibi anacheka mpaka anashika mbavu. Danuta kashakata tiketi, ndiye huyo mgeni wa Agosti. Bibi kachagua kitenge cha sare kwa ukoo mzima, watu arobaini, fundi kashaanza kukata.

Sasa Danuta akaomba kopi ya ubatizo wa bibi aiweke kwenye kitabu cha ukoo wao, nikapanda basi mpaka parokiani Ifunda, padri akafungua kitabu cha 1944, akanisomea. Shangazi, nikamwomba arudie! Baba: Albano, fundi mbao wa kambini. Wazazi wamefunga ndoa kanisani 1942. Pembeni padri wa wakati huo kaandika, baba yuko vitani. Na Stanislaus Wrona yumo, lakini kwenye safu ya msimamizi wa ubatizo! Katekista mzee akanieleza kwamba Albano alichukuliwa askari mkewe akiwa mjamzito, hakurudi, mama yake bibi naye akafariki bibi akiwa mdogo, na zamani yatima akipelekwa shule ya misheni, jina la pili waliandika la msimamizi, ndiye aliyekuwepo. Na sie jina la pili tunalisomaga baba, basi, tukasoma Mpolandi.

Nimemwambia mjomba Ansbert peke yake. Kanijibu, "Jeni, una kompyuta, una skana, hamisha jina moja tu hapo, nani atajua? Usituharibie shughuli." Kopi niliyopewa nimeiskani, na hilo faili nimelifungua mara tatu, nimelifunga mara tatu. Danuta akijua bibi si damu yake si atatukimbia? Na bibi kwa umri ule ataupokeaje ukweli huu? Nifanyeje, Shangazi?

Jenipher, Mtoni

Marahaba, Jenipher.

Faili hilo lifute, leo. Mtu unayekula kwa kutoa kopi za vyeti vya watu, unataka kughushi ubatizo wa bibi yako mwenyewe? Siku likijulikana, nani hapo Mtoni atakukabidhi cheti chake? Na mjomba wako mwambie hasira zake ni zake, asimsingizie seremala wa watu.

Haya, nimeshakusema, sasa pole. Kazi uliyofanya ni kubwa, wengi wangeishia kwenye akina Wrona wawili. Ila umekisoma kitabu kwa woga.

Wewe ni Mkatoliki, unajua msimamizi si mtu wa kuokotwa njiani. Stanislaus, mkimbizi aliyepoteza kwao, akasimama kanisani badala ya fundi mwenzake aliyeko vitani, akakubali kuwa mzazi wa mtoto kwa ubatizo. Huo ni undugu, mwanangu, acha kuulilia. Mpigie Danuta wewe mwenyewe, mwambie yote, mwambie na tiketi ni yake kuamua. Kisha muulize babu yake alikuwa anasimulia nini hasa kuhusu Ifunda. Mie naona atakuja. Asipokuja, mtalia, mtavaa vitenge vyenu, maisha yataendelea.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni hiki: barua ndefu yote hii umehofia ukoo, umehofia mgeni, umehofia sherehe. Hivi umewahi kumuuliza bibi aliishije? Mie nimekulia huko huko nyanda za juu, nawajua watu wetu, weupe wa kuzaliwa tunao wengi bila Mzungu yeyote. Mtoto mweupe, yatima, ana jina la Mzungu aliyeondoka, unadhani walimwacha salama? Na marehemu mama yake unadhani alisemwa nini? Bibi amezeeka akiamini baba yake alimtelekeza. Kumbe mama yake alikuwa mke wa ndoa, na baba yake hakumkimbia, alipelekwa vitani. Wewe una habari hiyo kwenye droo, halafu unaniuliza umfiche!

Jumamosi hii asubuhi, akishakunywa chai, kaa naye. Si kwenye grupu, si mbele ya Ansbert. Chukua kopi halisi, na usianze na "bibi, nina habari mbaya", kwa sababu huna. Anza na mstari wa baba, msomee taratibu. Akitaka kulia, mwache alie. Akitaka kusomewa mara kumi, msomee mara kumi.

Halafu muulize misa ya marehemu baba yake anataka isomwe lini, maana huyo Albano hajawahi kuombewa na mtoto wake hata siku moja.