Kesi ya Mama

Jumatatu, 7 Julai
Kama kawaida. Kidonge cha Amadi, chai, muhogo wa kuchemsha. Mdogo wangu, mtu mzima na ndevu zake, amemeza bila ubishi. Kisha ameketi uani akimsagia Mama msiro, mti wake wa kupaka uso, juu ya jiwe, huku akibishana na wale watu ambao hakuna awaonaye ila yeye. Mama kajipaka uso wote mweupe, akanitania kwamba mimi na cherehani yangu tumezeeka kuliko yeye. Kazi nyingi. Mashati ya shule.

Jumatano, 9 Julai
Hospitali. Dotora mpya wa maradhi ya akili, binti mdogo, mpole. Ameuliza mengi. Nani alimlea Amadi? Mama yake mkali? Husema hili akatenda lile? Mjomba Momade alikuwapo, maana kwetu shauri la mtoto ni la mjomba. Nilimwona anavyokunja uso. Kwetu mama wa mtu haulizwi hivyo mbele za watu isipokuwa ana kesi. Mama alijibu kila swali huku akivutavuta ncha ya kanga. Nimechukia. Sijui nimemchukia nani.

Ijumaa, 11 Julai
Baada ya sala Mjomba amekata shauri. "Mwana kaharibiwa na mamaye. Hata dotora kaona." Mama aende Nhica, akakae shambani kwa Mjomba mpaka Amadi apone. Mpaka apone! Ugonjwa wa miaka yote hii. Mama hakujitetea. Amekunja kanga zake tu. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumamosi, 12 Julai
Ameondoka. Nimeshinda kwenye cherehani nikiyatafuta makosa yake. Alimchapa Amadi kwa kuchezea baharini, kisha akamkumbatia akilia. Alimwambia nenda kacheze, mtoto akienda yeye akanuna. Mama gani hajafanya hivyo? Na mimi nimelelewa mle mle, kwa fimbo ile ile, mbona nasikia walio hai tu?

Nakumbuka kwetu Mucojo, kabla hatujakimbia vita. Mkeka uani, mnazi umeinamia jiko. Kila tukiketi kula, wenzake Amadi walikuja kumwita mpirani. Amadi! Amadi! Yeye tayari mguu ndani, mguu nje. Mama, bila kuinua uso kwenye sinia: "Waambie wasubiri. Kula kwanza." Na kweli walisubiri, wamejipanga ukutani kama kuku. Mchuzi wa samaki wa nazi, embe bichi ndani yake. Nautamani mkeka ule.

Alhamisi, 17 Julai
Mbaya. Amadi hataki kula. Anasema wanamwita, lazima atoke. Anazunguka ua, akirudi chakula kimepoa. Kidonge anatema. Ameniita mwizi. Kila asubuhi anasaga msiro, anaweka kibakuli mlangoni pa chumba cha Mama. Jioni umekauka, umepasuka. Nimempigia Mjomba simu, hakupokea. Naogopa. Nimeandika ili nisipige kelele.

Jumatatu, 21 Julai
Nimemvuta Mjomba mpaka hospitali. Dotora kusikia habari ya Nhica akashika kichwa. "Mzee, mimi nilikuwa nauliza tu! Nilitaka kuijua nyumba yenu, nijue nani atanisaidia. Mama hakumtia maradhi haya. Ndiye aliyekuwa anamlisha, nanyi mmemwondoa!"

Mjomba akakohoa. Eti maneno ya hospitali ni mazito. Tulipofika sokoni akasema, "Mwambie arudi." Basi. Samahani ya Mjomba ni adimu kama mvua ya Julai.

Jumapili, 27 Julai
Mama yupo tangu Alhamisi. Amekonda. Amadi hakumkimbilia. Alimtazama, kisha akaenda kuchukua jiwe.

Kidonge anameza, si kila siku. Watu wake hawajaondoka. Nilitegemea wangeondoka, nakiri.

Leo mchana tumekula uani, sote watatu, Mama uso mweupe. Wali na mchuzi wa samaki. Embe hakuna, si msimu wake. Katikati ya kula Amadi akageukia ukuta, akaanza kuinuka. Wanamwita, alisema.

Mama hakuinua uso kwenye sinia. "Waambie wasubiri. Kula kwanza."

Amadi akawaambia. Akaketi, akala.