Bomba la Moshi Kwenye Mashine ya Papa

Jumanne

Shemeji amegundisha tena lile bomba la moshi. Siku tatu nzima nimelikata, nimefunga tundu kwa bati la sardini, ili treni hii ya kuchezea ifanane na mashine ya mazutu, ile ya dizeli isiyo na bomba, aliyoendesha Papa, baba yangu, kule Kalemie. Mtoto mgongoni, lime ya kusugulia bati mkononi.

"Mama Neema, treni bila bomba si treni, ni bisi ya kubeba watu barabarani," ananiambia, anacheka. Hata kuniuliza kwanza, hapana.

Papa haoni tena. Jumapili nikimpa zawadi hii, ataijua kwa vidole tu. Akigusa bomba atasema ni nzuri, asiniumize, na mimi nitajua kwamba hakuiona mashine yake.

Nimeling'oa. Rangi imebanduka, lakini rangi si kitu kwake. Kesho Shemeji atakaa mbele yangu, asugue hapo mpaka palainike.