Baraza la Duka la Jivan

Dada yangu Somoe,

Tangu tulipokuzika kule Ruangwa nimekuwa nikizungumza nawe jikoni nikichambua mchele, na mjukuu wangu ananicheka. Leo nimeona bora niandike. Nataka tulikumbuke lile duka la Nachingwea, maana watu wa sasa wakilipita wanaona jengo kuukuu tu.

Tulitoka Nkowe na wazazi wetu pale Wazungu wa mradi wa karanga walipoingia na matrekta yao. Nachingwea yenyewe ilikuwa mahema na vibanda vya mabati, na kutwa nzima unasikia miti inaangushwa. Baba alikuwa fundi muashi. Bwana Jivan, Mhindi aliyekuwa akiuza vitu vyake kwenye kibanda kinachovuja, alimwita akamwambia, "Fundi, mimi nataka nyumba, mvua ikipiga, mimi nalala tu."

Baba akamjengea ya mawe. Unakumbuka unene wa zile kuta? Dirishani tulikuwa tunakaa wawili, wewe na mimi, na nafasi inabaki. Mbele duka, nyuma vyumba vya familia vikizunguka ua, ubavuni stoo ya karanga na ufuta. Saruji ilikuja kwa treni kutoka pwani, na kwa kuwa ilikuwa adimu ikawekwa kwenye msingi na nguzo peke yake. Kwingine kote mawe yalishikwa kwa udongo, kisha yakapakwa chokaa mpaka jengo likawa linaumiza macho saa za jua kali. Na huku mbele, baraza pana lenye matao. Baba alilipenda lile baraza kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila akimaliza kazi alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akalitazama.

Sisi kazi yetu ilikuwa kuchota maji ya kukandia udongo. Hapo ndipo ulipomkuta Albano, seremala wa Kimakonde aliyesomea kazi yake misheni, aliyekuwa akitengeneza milango ya mninga.

"Dada, hayo maji ni ya kunywa?" alikuuliza siku ya kwanza.

"Ni ya udongo," ukamjibu. "Ya kunywa yanaombwa kwa adabu."

Akaweka randa chini, akaomba kwa adabu. Basi kuanzia hapo ndoo yako ikawa inachelewa kurudi kuliko yangu, na mama akawa ananiuliza mimi badala ya kukuuliza wewe.

Baba alipojua, hakupiga kelele. Alisema, "Milango yake nimeipokea. Yeye simpokei." Albano alikuwa Mkristo, sisi Waislamu, na zaidi ya hapo baba alishatoa neno kwa mtu mmoja wa Chunyu, mtu mzima mwenye mikorosho yake. Wewe hukuulizwa. Nyumbani kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kuulizwa.

Kisha ile kazi ya karanga ikaharibika. Wazungu wakaanza kufungasha, vibarua wakatawanyika, na Albano naye akapata kazi upande wa Masasi. Asubuhi ya kuondoka alikuja na sanduku lake la vifaa mpaka barazani. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, nikasikia yote.

"Twende, Somoe. Padri atakubatiza, atatufungisha ndoa."

"Halafu mimi nitaitwa nani?"

"Utaitwa jina lolote unalolitaka."

"Nalitaka hili nililonalo," ukasema.

Alikungoja kidogo. Kisha akabeba sanduku lake akaenda, na wewe ukaingia stoo ukalia juu ya magunia ya ufuta mpaka kanga yako ikaloa. Nilikaa nawe. Nikawa nakutoa punje za ufuta kwenye nywele.

Jioni ukasimama mbele ya baba aliyekuwa anakula. "Baba, Albano ameondoka, sikumfuata. Na huyo wa Chunyu simtaki."

Mama alishika mdomo. Baba alinawa mkono, akatoka nje, chakula akakiacha. Kiangazi chote kile hakukusemesha. Akitaka kitu kwako, alimtuma mama.

Aliyekuokoa ni Mama Jivan, mke wa Bwana Jivan. Alikuita uani akakufundisha kushona kwa cherehani ya nyumbani kwake, akikukemea kwa Kihindi na kukusifu kwa Kiswahili. Mafundi wanaume waliokuwa wakishona kaptula za vibarua pale barazani walishaondoka pamoja na wateja wao, baraza likabaki tupu. Ukamwomba Bwana Jivan ukae pale na cherehani ile. Akakuna kichwa, akaangalia barabarani. "Mwanamke barazani? Watu watasema."

Mkewe akaitikia kutoka ndani, "Watu gani? Wote wameshaondoka!"

Kumbe waliobaki walitosha kusema. Walipita wakasimama wakakukodolea macho. Wengine waliegemea nguzo wakakutania mpaka uzi ukakukatikia. Ulishona umeinama, na ukirudi nyumbani shingo inakuuma.

Mpaka asubuhi ile baba alipokuja na mawe, mwiko na udongo. Hakumsalimu mtu. Akaanza kujenga kiukuta kati ya nguzo mbili, mbele ya cherehani yako, cha kumfika mtu mzima kifuani. Ukikaa nyuma yake, ukiinua kichwa unaona barabara, ukiinama kushona wa barabarani anaona kilemba chako tu.

"Baba, unajenga nini?" ukauliza kwa sauti ndogo.

"Kinga ya upepo," akasema bila kugeuka. "Vumbi litaharibu cherehani."

Upande ule upepo haukuwahi kuvuma, dada. Wewe unajua, nami najua. Ukaanza kumpa mawe mkononi, moja moja, naye akawa anapokea.

Ulishona pale miaka kadhaa, kanzu za Idi na magauni ya komunyo pia. Halafu ukamleta mwenyewe Hamisi, dereva wa lori, ukasema huyu ndiye, baba akamkaribisha kiti. Ukahamia Ruangwa. Bwana Jivan na mkewe nao wakahama, duka likapita mikono mingi. Mwezi uliopita nimelipita. Chokaa imebanduka, matao yamezibwa kwa matofali, ndani wanauza mbolea. Nilisimama nikachoka, nikaondoka.

Lakini kuna jambo ambalo hukulishuhudia, na sijui kwa nini sikuwahi kukuambia. Ulikuwa umeshahamia kwa mumeo. Watu kutoka Mtua walikuja kunichumbia mimi. Baba aliwasikiliza, akawaambia wangoje. Akaja uani nilipokuwa naosha vyombo, akachuchumaa kando yangu kama mtu aliyepoteza kitu.

"Zainabu," akasema, "wamekuja wa Mtua. Unamtaka?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. "Unamtaka huyo kijana?"

Nikasema namtaka.

"Haya," akasema, akainuka akarudi kwa wageni.

Swali lile wewe hukuulizwa, ila aliyenipatia mimi ni wewe. Binti zangu wameulizwa. Wajukuu zangu wanaulizwa, wala hawajui kwamba zamani hapakuwa na swali. Pumzika, dada. Shingo isikuume tena.

Mdogo wako,
Zainabu